Daktari wa familia si wa kubezwa

Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kupata huduma za afya za kiwango cha juu. Haki hiyo haitimii ikiwa madaktari bingwa wanarundikana mijini huku zahanati za mashinani zikiachiwa muuguzi mmoja au wawili.

Pengo hilo linaweza kuzibwa na daktari wa familia. Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kilianza kufunza mabingwa wa udaktari wa familia mnamo 2005. Hata hivyo, wapo madaktari chipukizi wanaoiona fani hii kuwa kimbilio la walioshindwa na upasuaji. Dharau hiyo ikome.

Mgonjwa wa presha na sukari ambaye kila mwezi anarudi kliniki vipimo vikiwa juu hatibiwi kwa kukaripiwa. Anahitaji daktari atakayemuuliza iwapo anakata tembe nusu ili zimfikishe mwisho wa mwezi, na iwapo nauli ya kliniki ndiyo hiyo hiyo ya kununulia unga. Asiyeuliza hayo ataongeza dozi, na mgonjwa ataendelea kuzorota.

Julian Tudor Hart, aliyewatibu wachimba makaa wa Glyncorrwg, Wales, alionya mnamo 1971 kwamba huduma bora huadimika pale pale zinapohitajika zaidi. Onyo hilo linatuhusu.

Sheria ya Afya ya Msingi ya 2023 inataka zahanati, vituo vya afya na hospitali zifanye kazi kama mtandao mmoja. Wahamasishaji wa afya ya jamii tayari wanabisha hodi nyumba kwa nyumba wakipima presha. Je, wanayemkuta hali yake ni mbaya wamkabidhi kwa nani?

Kaunti zisomeshe mabingwa wa udaktari wa familia, ziwalipe kwa wakati na zisiwafungie ofisini kushughulikia makaratasi. Vyuo viwapeleke wanafunzi vijijini mapema, kabla hawajazoea kuamini kwamba udaktari ni wa hospitali kubwa pekee. Nao madaktari waliosomeshwa kwa kodi ya mwananchi wakumbuke kuwa mlipakodi huyo anaishi pia Turkana na Tana River.

Kila bajeti ya kaunti inapowasilishwa, gavana ataje hadharani madaktari wa familia atakaoajiri na vituo watakakopelekwa. Madiwani wasiipitishe bajeti isiyo na majibu hayo.