Nani Aliwaambia Aliishi Darini?

Mimi nimechoka na yule mtu wa darini. Mnamjua. Ukifungua YouTube usiku ukitafuta usingizi, yuko hapo: shamba moja Bavaria, Ujerumani, theluji, nyayo zinazoingia na hazitoki, halafu sauti nzito ya msimulizi ikikuambia kwamba muuaji aliishi juu ya vichwa vya familia ile miezi sita kabla ya kuwamaliza. Hadithi tamu. Shida ni kwamba watu sita walikufa kweli, na sehemu kubwa ya huo utamu haina miguu.

Shamba liliitwa Hinterkaifeck, kama kilomita 70 kaskazini mwa Munich. Machi 31, 1922, waliuawa Andreas Gruber, mzee wa miaka 63. Mkewe Cäzilia, 72. Binti yao Viktoria Gabriel, 35, mjane wa vita. Watoto wa Viktoria, Cäzilia wa miaka 7 na Josef wa miaka 2. Na Maria Baumgartner, 44, mfanyakazi wa nyumbani aliyekuwa amefika siku hiyo hiyo. Wanne walikutwa ghalani, wawili ndani ya nyumba. Miili haikuonekana hadi Aprili 4. Hakuna aliyewahi kuhukumiwa.

Sasa huyu wa darini anatoka wapi? Mfanyakazi aliyemtangulia Maria aliondoka karibu nusu mwaka kabla, na inasemekana aliamini nyumba ina mashetani. Hilo ni moja. La pili, siku chache kabla ya mauaji, mzee Andreas aliwaambia majirani kwamba ameona nyayo kwenye theluji zikija nyumbani na hazirudi, na kwamba amesikia hatua juu ya dari. Polisi hakuwaita. Kwa hivyo nyayo zile maarufu tunazijua kwa sababu majirani walisema kwamba mzee alisema. Chukua woga wa nusu mwaka nyuma, chukua nyayo za juzi, shona pamoja, na tayari una mpangaji wa miezi sita asiyelipa kodi. Sihitaji digrii, ambayo kwa kweli sina, kuona kwamba huo uzi umewekwa na msimulizi.

Na ile miezi sita mwenyewe alikuwa anakula nini?

Kuna kitu kimoja ambacho mimi nakiona kizito kuliko nyayo. Baada ya mauaji, mifugo iliendelea kulishwa, mkate ukaliwa, na watu waliona moshi ukitoka kwenye bomba la jiko. Aprili 4 fundi alikuja kutengeneza mashine, akafanya kazi saa kadhaa, akaenda zake bila kuona mtu. Wenye nadharia ya darini wanasema: mnaona, muuaji alikuwa anaishi pale. Wenye nadharia ya jirani wanasema: mnaona, ni mtu wa karibu, alikuwa anaingia na kutoka kulisha ng'ombe wasije wakalia njaa watu wakashtuka. Wote wanashika ushahidi uleule na wote unawatosha. Ushahidi unaomtosha kila mtu hauwezi kumfunga yeyote, na hapo ndipo video ingepaswa kuisha. Lakini nani atasikiliza video ya dakika nne?

Huyo jirani ana jina, na jina lake ndilo linaloliwa zaidi: Lorenz Schlittenbauer. Aliwahi kuwa na uhusiano na Viktoria, na kulikuwa na mvutano juu ya nani hasa baba wa Josef. Alikuwa kati ya wanaume watatu walioingia ghalani na kukuta maiti. Alizisogeza, kisha akaendelea ndani ya nyumba. Alipoulizwa, alisema alikuwa anamtafuta mtoto wake. Wajuaji wanacheka hapo. Eti mtu asiye na hatia angeogopa kuingia. Kwani wewe umewahi kukuta maiti za watu unaowajua, na mtoto unayemhesabu wako hajulikani aliko? Mimi sijui ningefanya nini. Inawezekana aliua. Inawezekana pia alikuwa baba aliyepagawa. Kabla hajafa mwaka 1941 alikuwa ameshinda kesi kadhaa za kuchafuliwa jina dhidi ya waliomwita muuaji. Leo hawezi kufungua kesi, kwa hivyo kila mwenye maikrofoni anamhukumu bure.

Ya Karl Gabriel hata sitakaa nayo. Mume wa Viktoria aliuawa vitani Ufaransa Desemba 1914, mwili haukupatikana, basi watu wakamfufua ili aje kulipiza kisasi. Vita ile ilimeza miili ya watu wengi sana. Tukimfanya kila asiye na kaburi kuwa mshukiwa, tutakesha.

Ukweli unaoudhi ni kwamba kesi hii ilifia mikononi mwa watu wa kawaida. Kabla wapelelezi wa Munich hawajafika, majirani walikuwa wamekanyaga kila mahali, wamegusa, wamesogeza. Daktari alipasua maiti palepale shambani, vichwa vikakatwa vikapelekwa Munich, na havikurudi, vilipotea. Mwaka uliofuata nyumba ikabomolewa, na ni wakati wa kubomoa ndipo sururu inayoaminika kuwa ilitumika kuua ikaonekana, ikiwa imefichwa darini. Ndiyo, darini! Lakini sururu iliyofichwa mahali haithibitishi kwamba mtu alilala hapo. Mwaka 2007 wanafunzi wa chuo cha polisi cha Fürstenfeldbruck waliipitia kesi yote. Walikubaliana kuhusu mshukiwa mmoja, wakasema hawawezi kuthibitisha, na wakakataa kumtaja kwa heshima ya jamaa waliobaki. Wanaosomea kazi hiyo walifunga mdomo. Sisi wa bando la usiku ndio tuna uhakika.

Kuna namna nyingine tunavyosimulia inayoniuma zaidi. "Familia ya watu watano na mfanyakazi." Sikiliza vizuri video inayofuata, utaisikia. Maria Baumgartner anatajwa kama kiti kilichokuwa chumbani. Dada yake alimsindikiza mchana, akamwacha, akarudi. Maria alikuwa kwenye nyumba ile kwa saa chache tu. Hakuwa na ugomvi na mtu yeyote pale, hakuhusika na mali wala na mtoto wa nani ni nani. Kila nadharia ya kisasi inamhitaji afe bila sababu, na hakuna inayotua hata sekunde moja juu yake.

Mama yangu alifanya kazi kwenye nyumba za watu Nairobi miaka kumi na moja. Siku moja, tukisubiri maharagwe yaive, nilimsimulia kisa hiki chote, na nyayo na dari, nikitegemea atashtuka pale wanaposhtuka wengine. Hakuuliza habari ya dari.

"Na yule wa kazi," akasema, "watu wake walikuja kumchukua?"

Nikamwambia hapana. Alizikwa Waidhofen pamoja na wale aliokuwa amewajua jioni moja, bila kichwa.

Mama akapunguza moto. "Hata sanduku hakuwa amefungua," akasema.