Asiyekubali kushindwa si mshindani, lakini refa je?

Msomaji mpenzi, ukitaka kujua jinsi Wakenya walivyouishi mwaka wa 2017, usianze na hotuba za wanasiasa. Chukua ratiba ya Ligi Kuu ya soka ya mwaka huo, uiweke kando ya kalenda ya uchaguzi, kisha uzisome zote mbili kwa pamoja. Utajionea mengi.

Mwaka huo Zoo ya Kericho ilikuwa ikicheza Ligi Kuu kwa mara ya kwanza. Ilipanda daraja baada ya msimu wa 2016, pamoja na Nzoia Sugar. Kwa nchi ya majani chai hiyo haikuwa habari ndogo. Watu wa huku wamezoea kusifiwa kwa mbio. Wilson Kiprugut Chuma, mwana wa Kericho, ndiye Mkenya wa kwanza kuleta nyumbani medali ya Olimpiki, shaba ya mita 800, kutoka Tokyo mwaka wa 1964. Kabumbu ya daraja la juu ilionekana kuwa mali ya majirani. Sasa ilikuwa zamu ya timu kubwa kupanda milima hadi uga wa Kericho Green kutafuta pointi.

Wapo waliofuata msimu huo kwa hamu ya ushabiki tu. Wengine waliufuata kwa sababu nyingine. Ili uwaelewe hao wa pili, twende pamoja hadi Chepilat.

Soko la mpakani

Chepilat ni soko lililo mpakani, kwenye barabara ya Kisii na Sotik. Upande mmoja ni Sotik, kaunti ya Bomet. Upande wa pili ni Borabu, kaunti ya Nyamira. Ukipanda matatu ya kuelekea Sotik, utapita Kapkatet na Litein hadi ufike Kericho, nyumbani kwa Zoo. Ukipanda ya upande ule mwingine, utapita Keroka hadi Kisii, nyumbani kwa Shabana, timu iliyoanzishwa mwaka wa 1980 na ambayo mashabiki wake huiita Tore Bobe. Shabana ilishushwa daraja mwaka wa 2006 na haikurejea Ligi Kuu hadi 2023, kwa hivyo mwaka wa 2017 ni Zoo iliyokuwa juu na Shabana chini. Bila shaka unaweza kukisia utani uliokuwapo kati ya Mkipsigis na Mkisii wanaouza bidhaa zao kwenye soko moja!

Utani huo ni jambo la afya. Lakini soko hilo limewahi kuona yasiyokuwa ya utani.

Desemba 30, 2007 matokeo ya urais yalitangazwa na Mwai Kibaki akaapishwa jioni hiyo hiyo. Nchi ikashika moto. Januari 31, 2008 mbunge wa Ainamoi, David Kimutai Too, alipigwa risasi mjini Eldoret akafariki. Ainamoi iko Kericho, na hasira ikateremka kutoka huko hadi mpakani. Nyumba na maduka ya Chepilat yakateketezwa. Watu waliokuwa wakiuziana maziwa na ndizi wakakimbia kila mmoja upande wake. Kote nchini zaidi ya watu 1,100 waliuawa kabla ya mkataba wa amani kutiwa saini Februari 28 mwaka huo.

Baadaye tume ya Jaji Johann Kriegler ilichunguza uchaguzi huo. Ilisema nini? Kwamba hesabu iliharibika kiasi kwamba haiwezekani kujua nani alishinda. Hebu fikiria, msomaji! Mechi imekwisha, mashabiki wameuana, na refa hawezi kusema mabao yalikuwa mangapi.

Kalenda mbili

Sasa turudi 2017. Ligi yenyewe ilianza kwa mizozo. Shirikisho la soka, FKF, lilitaka timu 18, nayo kampuni iliyoendesha ligi ikashikilia 16. Wakafikishana hadi mbele ya jopo la mizozo ya michezo. Mwishowe zikawa 18, kila timu na mechi 34, na mpira ukaanza kuchezwa mwezi Machi.

Agosti 8 tukapiga kura. Siku tatu baadaye Uhuru Kenyatta akatangazwa mshindi dhidi ya Raila Odinga. Septemba 1 Mahakama ya Juu, ikiongozwa na Jaji Mkuu David Maraga, ikaufuta ushindi huo kwa majaji wanne dhidi ya wawili. Ikaamuru kura irudiwe kwa muda wa siku 60. Tarehe ikawekwa Oktoba 17, ikasogezwa hadi Oktoba 26. Oktoba 10 Raila akajiondoa.

Wewe mzazi unakumbuka hali ilivyokuwa. Hakuna aliyejua wiki ijayo italeta nini. Oktoba ni wakati ambapo mkulima mdogo wa majani chai hungojea bonasi, na ndiyo inayolipa karo na madeni ya dukani. Matokeo ya marudio yalitangazwa Oktoba 30, na kesho yake watoto wa darasa la nane wakaingia kwenye mtihani wa KCPE. Mtoto alikuwa akidurusu hesabu huku baba na mama wakisikiliza redio kwa hofu.

Ndipo ratiba ya ligi ikawa na kazi ambayo waliotengeneza hawakuikusudia. Mechi ya Ligi Kuu haichezwi bila polisi. Haichezwi ikiwa basi la wageni haliwezi kupita njiani. Kwa hivyo mtu wa Chepilat aliyeuliza, "Zoo inacheza Jumamosi?" alikuwa anauliza pia kama barabara iko wazi, kama askari wako uwanjani na si kwenye fujo, kama afungue duka lake au alifunge. Alama za Zoo zilimhusu, lakini kuchezwa kwa mechi kulimhusu zaidi.

Tusijidanganye kwamba mwaka huo ulipita salama. Damu ilimwagika Kisumu na katika mitaa ya mabanda ya Nairobi. Hata hivyo nchi haikurudi tulikotoka 2008.

Ligi ikafika mwisho mwezi Novemba. Gor Mahia ikatwaa ubingwa wake wa 16. Muhoroni Youth na Western Stima zikashushwa daraja. Zoo ikanusurika, na Kericho ikapumua. Mwezi huo huo Mahakama ya Juu ikaidhinisha matokeo ya marudio, na Uhuru akaapishwa Novemba 28. Kwa siasa bado palikuwa na safari. Raila alijiapisha Uhuru Park Januari 30, 2018, na wawili hao hawakupeana mkono hadi Machi 9.

Methali nusu

Wahenga walinena kuwa asiyekubali kushindwa si mshindani. Wanasiasa wanaipenda sana methali hii, hasa wanapokuwa wameshinda. Lakini ni kama wanaisoma nusu. Methali inazungumzia mashindano, na mashindano ni pale ambapo bao hesabiwa bao na kipenga hakinunuliwi. Mashabiki wa Muhoroni waliumia, lakini walikuwa wamehesabu mechi 34 kwa macho yao. Walijua timu yao imekosea wapi. Kushindwa kwa aina hiyo huuma, ila humwachia mtu hamu ya kujaribu tena.

Kama unadhani nasema hayo kwa kuipendelea Zoo, ngoja. Mwaka wa 2021 timu hiyo hiyo iliondolewa Ligi Kuu baada ya shirikisho la soka duniani, FIFA, kuipata na hatia ya kupanga matokeo ya mechi. Safari iliyoanza kwa shangwe ikaishia kwa aibu. Na aliyepoteza zaidi ni nani? Ni shabiki. Yeye alilipa nauli, akanyeshewa na mvua ya Kericho, akapiga kelele hadi sauti ikakauka. Sasa hata bao analolikumbuka kwa furaha anajiuliza kama lilikuwa la kweli. Imani ikishaibwa hivyo hairudishwi kwa kuongeza pointi tatu.

Kura nayo ni hivyo hivyo. Ukiiba, humwibii mpinzani peke yake. Unamwibia pia aliyekupigia, kwa kuwa naye hatajua kamwe kama kweli alishinda. Na jirani wawili wa Chepilat wanapoacha kuamini hesabu, huanza kuhesabiana kwa makabila.

Basi, mzazi, mtoto wako akirudi kutoka uwanjani analia kwamba wameonewa, usimnyamazishe upesi kwa methali. Muulize nini kilitokea. Kama alishindwa kwa haki, mfundishe kumpa mshindi mkono. Kama kweli alionewa, mfundishe kulalamika mahali panapofaa bila kurusha jiwe. Na akija kwa furaha kwamba wameshinda kwa bao la mkono ambalo refa hakuliona, hapo ndipo penye kazi kubwa. Usicheke naye.

Nawe mwanafunzi, utapiga kura karibuni tu, maana kila miaka mitano Wakenya hurudi vituoni mwezi Agosti. Siku hiyo chungulia hesabu ya kituo chako kama unavyochungulia jedwali la ligi. Ikiwa sahihi, ikubali hata kama imekuuma. Pale Chepilat kuna mtu atakayefungua duka lake kesho yake kwa sababu yako.

Tukutane Jumapili ijayo.