Kinyama cha tezi dume kisirudiwe kwa kubahatisha

Wapo wazee wetu waliopimwa damu kipimo cha PSA, kikaonekana kiko juu, wakachukuliwa kinyama cha tezi dume na jibu likaja kwamba hakuna saratani. Wakasema Alhamdulillah, wakarudi nyumbani. Baada ya miezi kadhaa PSA imepanda tena na daktari anataka kinyama kirudiwe. Hapo mzee hugoma.

Simlaumu. Mara nyingi sindano hupitishwa njia ya haja kubwa, huumiza, huacha damu kwenye mkojo, na wengine hupata maambukizi hadi wakalazwa. Juu ya hayo kuna aibu ya utupu kuonekana, ingawa hilo wanachuoni wamekwisha kulieleza: haja ya tiba inaruhusu, kwa kiasi chake.

Lakini kugoma si dawa. Tatizo liko kwenye namna ya kuchukua. Ultrasaundi huonesha tezi vizuri, ila uvimbe wenyewe mara nyingi hauonekani. Kwa hiyo daktari huchoma sehemu 10 au 12 kwa mpangilio, akitarajia mojawapo itaugusa. Saratani iliyokaa upande wa mbele wa tezi hukoswa kirahisi. Kurudia vile vile ni kutupa ndoano pale pale ulipotoka mtupu.

Rai yangu ni kwamba kabla ya sindano ya pili mzee apigwe picha ya MRI. Mashine hii hutumia sumaku, si mionzi, na huonesha sehemu inayotiliwa shaka ili sindano ielekezwe hapo. Utafiti wa PROMIS, uliotolewa Uingereza mwaka 2017 kwa wanaume 576, ulionesha kuwa MRI iligundua asilimia 93 ya saratani za hatari, na kinyama cha kawaida asilimia 48 tu. Hao walikuwa hawajawahi kuchukuliwa kinyama; basi vipi yule ambaye sindano imeshamkosa mara moja?

Mtasema ni ghali. Ni kweli. Lakini familia hizi hizi huchangishana fedha za harusi ndani ya wiki mbili, na baba akiambiwa MRI kila mtoto anaangalia pembeni.

Vijana, mwulizeni daktari swali hilo mbele ya mzee. Mwambieni kama ana chuma mwilini au kifaa cha moyo. Picha isipigwe mapema mno baada ya kinyama cha kwanza, maana damu iliyobaki ndani huichafua. Na ikitoka safi, PSA iendelee kufuatiliwa, kwani MRI nayo hukosea.

Akishachukuliwa kinyama, damu kidogo kwenye mkojo kwa siku chache ni kawaida. Ajisafishe, atie udhu na aswali. Akipata homa au kutetemeka, arudishwe hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku.