Mafuta ya Mwani na Historia ya Mvua Zetu

Katika shule zetu mwani wa maji baridi hufundishwa kama jambo la kukariri: mchoro wa seli, majina ya sehemu zake, kisha mtihani. Kwa maoni yangu, mwani huu usioonekana ila kwa hadubini unastahili nafasi kubwa zaidi, maana umetutunzia kumbukumbu ambazo hakuna mwandishi aliyeziandika.

Kila seli ya mwani hutengeneza lipidi, yaani mafuta ya namna mbalimbali. Aina iitwayo Botryococcus braunii hutengeneza haidrokaboni kwa wingi wa ajabu. Mwani ufapo huzama, na sukari na protini zake huliwa upesi na bakteria. Lakini minyororo mirefu ya kaboni na haidrojeni haiozi kwa urahisi, hasa katika matope yasiyo na oksijeni. Hivyo hubaki katika mashapo, tabaka juu ya tabaka, kwa maelfu ya miaka.

Mfano tunao Mkoani Mbeya. Ziwa Masoko, wilayani Rungwe, limo katika shimo la volkeno, na mashapo yake yanarudi nyuma zaidi ya miaka 40,000. Mwaka 2007 watafiti walitangaza kwamba wamekuta humo haidrokaboni mpya kwa sayansi, zenye kaboni 37 hadi 43 na bondi maradufu moja hadi tatu.

Je, haya yamfaa nini mkulima wa vitunguu wa Ruaha Mbuyuni? Yamfaa sana. Tangu mwaka 1993 Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa. Wako waliowalaumu wakulima wa mpunga wa Usangu, wako waliowalaumu wafugaji, na wako walioilaumu mvua. Vipimo vyetu vya mvua havivuki enzi za Wajerumani, na kwa muda mfupi hivyo ni vigumu kuamua ukame upi ni wa kawaida. Haidrojeni iliyomo katika lipidi za mwani ilitoka katika maji ya ziwa. Uwiano wa haidrojeni nzito na nyepesi hutusaidia kupambanua miaka ya mvua na miaka ya uvukizi mwingi. Matope hayatatuambia nani alifungua mfereji gani. Yatatuonyesha jinsi mvua zilivyobadilika kabla ya mifereji kuwapo, na bila ya kujua hilo, kila upande utaendelea kumtupia mwenzake lawama.

Lakini ili kuzisoma lipidi za kale, sharti kwanza tujue mwani upi hutengeneza lipidi ipi leo. Mashine za kupimia ni ghali, na hizo ni wajibu wa vyuo vikuu na serikali. Kuutambua mwani wa mabwawa na maziwa yetu ni kazi inayoweza kuanzia shuleni, kwa chupa safi, hadubini na daftari lenye tarehe na mahali. Walimu wa Mbeya na Iringa wana maziwa na mito karibu nao. Hapana sababu ya kungoja wageni waje kuyachunguza.