Carthage Si Gofu la Warumi Pekee

Wengi wanaozuru magofu ya Carthage, karibu na jiji la Tunis, huvutiwa kwanza na mabaki ya hamamu kuu iliyojengwa na Warumi ufuoni katika karne ya pili baada ya Kristo. Nguzo zake ni za fahari, wala simlaumu anayezistaajabia. Linalonisikitisha ni kuwa wengine hurejea makwao wakiamini kwamba ustaarabu wa Afrika Kaskazini uliletwa na Warumi.

Yafaa ikumbukwe kuwa mji huo ulianzishwa na Wafoinike kutoka Tiro, katika nchi iitwayo leo Lebanoni. Mapokeo yanautaja mwaka wa 814 kabla ya Kristo. Kweli, hao nao walikuja kwa merikebu wakawakuta wenyeji, lakini walikaa hapo zaidi ya karne sita. Warumi waliuteketeza mji mwaka wa 146 K.K. Baadaye, walipojenga wao, walisawazisha kilele cha kilima cha Byrsa na kufukia kwa kifusi nyumba zilizokuwa mtelemkoni. Ajabu ni kwamba kifusi hicho ndicho kilichozihifadhi hadi wanaakiolojia walipozifukua.

Asiyekuwapo na lake halipo. Habari nyingi za Carthage tulizo nazo ziliandikwa na Wagiriki na Warumi, si na wenyewe. Hata hivyo, Seneti ya Roma iliamuru vitabu 28 vya kilimo, vilivyotungwa na Mago wa Carthage, vitafsiriwe kwa Kilatini. Je, nani huamuru elimu ya mshenzi itafsiriwe?

Kwa hiyo mgeni mwenye kupenda haki asiishie hamamuni. Na apande Byrsa, kisha afike Kerkouane, katika rasi ya Cap Bon. Mji huo wa Wafoinike uliachwa katikati ya karne ya tatu K.K., na Warumi hawakujenga juu yake. Nyumba zake zina mabirika ya kuogea, yaliyotengenezwa karne nne hivi kabla ya hamamu ile ya Carthage. UNESCO iliutia katika Urithi wa Dunia mwaka wa 1985.

Jambo hili latuhusu pia sisi wa mbali. Afrika lilikuwa jina la jimbo ambalo Warumi waliliunda kwa ardhi ya Carthage, kabla ya kulienea bara zima. Basi wanaowatembeza wageni huko wana deni: wamtaje kwanza aliyejenga, ndipo wamsifu aliyebomoa na kujenga upya.