Walioachishwa Kazi Google Wanasikitikia Nini?

Usiku wa kuamkia Ijumaa, Januari 20, 2023, wafanyakazi wengi wa kampuni ya Google nchini Marekani walijaribu kufungua barua pepe zao za kazini zikawakatalia. Hapakuwa na mkuu wa idara aliyewaita akawakalisha, wala mwenzao aliyewadokeza. Ndipo Mtendaji Mkuu, Sundar Pichai, alipotangaza kwamba watu 12,000, yapata asilimia 6 ya wafanyakazi wote duniani, wanaondolewa. Mhandisi mmoja aliyekuwa ametumikia kampuni hiyo zaidi ya miaka 16 alieleza hadharani kwamba habari za kuachishwa kwake alizipata kwa kufungwa akaunti yake saa tisa za usiku, tena na mtambo unaojiendesha wenyewe.

Huenda msomaji akatuuliza: watu hao si walikuwa wakilipwa vizuri? Kweli, na waliokuwa Marekani waliahidiwa mishahara ya wiki 16, pamoja na wiki 2 zaidi kwa kila mwaka waliotumikia. Wastaafu wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyovunjika mwaka 1977, walikuwa bado wakibishania mafao yao katika miaka ya 2000. Ukimweleza mmoja wao habari za wiki 16 hizo, atakucheka. Lakini tukiwasikiliza kwa makini hao walioondoka Google, twaona kwamba kinachowauma si fedha. Wanalia kwa kitu kingine, na kitu hicho chawahusu pia wenye maduka, shule na ofisi zetu.

Walipoipeleka kampuni katika soko la hisa mwaka 2004, waasisi wake, Larry Page na Sergey Brin, waliwaandikia wenye hisa kwamba hii si kampuni ya kawaida, wala hawakusudii iwe ya kawaida. Kwa miaka mingi palikuwa na baraza la kila wiki, lililoitwa kwa jina la kuifurahia Ijumaa, ambapo mfanyakazi wa cheo chochote aliweza kuwauliza wakubwa swali zito mbele ya wote. Mwaka 2019 baraza hilo lilifanywa la mara moja kwa mwezi, na mazungumzo yakaelekezwa zaidi kwenye biashara. Kwa hiyo nyufa zilikuwapo kabla ya usiku ule wa Januari.

Ushahidi uliotugusa zaidi ni wa Ian Hickson, mtaalamu aliyesimamia kwa miaka mingi maandalizi ya lugha ya kuundia kurasa za intaneti. Alijiunga na Google mwaka 2005, akaondoka kwa hiari yake mwaka 2023 baada ya miaka 18. Hakuandika kwa matusi. Alikiri mema aliyoyaona, akaeleza jinsi maamuzi yalivyohama hatua kwa hatua: kwanza yalitazama manufaa ya watumiaji, kisha ya kampuni, mwisho ya huyo anayeamua. Kuhusu kupunguzwa kwa wafanyakazi alisema lilikuwa kosa ambalo hakuna aliyewalazimisha kulifanya, na kwamba madhara yake hupenya polepole. Zamani mtu aliweza kutenda lililo sahihi hata kama halikuandikwa katika majukumu yake, akiamini kwamba kampuni itamsimamia. Imani hiyo ikitoka, kila mmoja huanza kulinda kiti chake na kufungia ujuzi wake asije akaonekana hahitajiki.

Hasara ya namna hii haionekani katika hesabu za mwaka. Hesabu zenyewe zilikuwaje? Kampuni mama, Alphabet, ilipata faida ya takriban dola bilioni 60 mwaka 2022. Mwezi Aprili 2023, miezi mitatu baada ya tangazo lile, bodi yake iliidhinisha dola bilioni 70 za kununua hisa zake yenyewe sokoni, jambo ambalo aghalabu huinua thamani ya hisa zinazobaki. Kwa uadilifu tuseme pia kwamba wafanyakazi walikuwa wameongezeka kutoka kama 119,000 mwishoni mwa 2019 hadi 190,000 mwishoni mwa 2022, na Pichai alikubali kuwa dhamana ya maamuzi hayo ni yake. Ila waliolipa ni wengine.

Je, hapakuwa na njia nyingine? Tangazo lile lile lilisema kwamba katika nchi nyingine utaratibu ungechukua muda zaidi kwa sababu ya sheria za huko. Kumbe mashauriano yaliwezekana pale sheria ilipoyadai! Kwetu Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza watu atoe taarifa mapema na kushauriana nao, na Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 nayo inadai taarifa ya mwezi mmoja. Hata hivyo sheria haitoshi ikiwa mwajiri yuko mbali. Ijumaa nyingine, Novemba 4, 2022, Twitter ilipowaondoa karibu nusu ya wafanyakazi wake duniani, karibu wote wa ofisi yake ya Accra waliondolewa, nao walikuwa na siku chache tu tangu waingie katika jengo lao.

Katika Sura al-Qasas tunasoma mkataba wa kazi kati ya Nabii Musa na mzee wa Madyan. Binti anasifu nguvu na uaminifu wa mwajiriwa, na sifa hizo waajiri wetu wanazipenda sana kuzitaja. Wachache hutaja yanayofuata: mzee anaweka muda unaojulikana, miaka minane, na miwili ya kuongeza anaiacha kwa hiari ya Musa, kisha anasema hataki kumtaabisha. Uaminifu umedaiwa kwa pande zote mbili.

Tunao vijana wengi wanaosomea kompyuta, na wazazi wanaojinyima ili siku moja mtoto akubaliwe na kampuni yenye jina. Hatuwakatazi. Lakini mzazi anapouliza habari za mshahara, amuulize mwanawe pia kama pale kazini mtu aweza kumwambia mkubwa kwamba amekosea, na kama walioondoka waliagwa. Huko Google, mwezi Januari 2024, mamia wengine waliondolewa, na Pichai akawaandikia waliobaki kwamba watarajie kupunguzwa tena mwaka huo.