JICHO LA BLUU LIKAGEUKA KIJANI!

HEBU nikupe kisa hiki kabla hujaenda kujirusha. Mwaka 2014 daktari mmoja wa Kimarekani, Ian Crozier, ambaye alishafanya kazi Kampala, alikwenda Sierra Leone kutibu wagonjwa wa Ebola. Ikamnasa na yeye. Akakimbizwa kwa ndege hadi Atlanta akiwa hoi, lakini jamaa akapona, na mwezi Oktoba akaruhusiwa. Damu ikapimwa: safi!

Kumbe wapi. Baada ya wiki kadhaa jicho la kushoto likaanza kuuma na kuona ukungu. Desemba madaktari wakavuta kwa sindano maji ya ndani ya jicho, wakakuta Ebola imejaa tele. Cha ajabu, machozi yake hayakuwa na kirusi hata kimoja. Asubuhi moja akajitazama kwenye kioo, jicho la bluu limekuwa kijani!

Sasa utauliza, kinga iliyofyeka virusi kwenye damu nzima, ilishindwaje na kajicho kamoja?

Ni hivi. Kwingine mwilini, kinga ikishtukia virusi inaingia kama FFU: joto, uvimbe, maumivu, mtaa mzima unafungwa. Kidole kikivimba utalalamika siku mbili, basi. Lakini ndani ya jicho uvimbe ni kasheshe. Kile kioo cha mbele, yaani konea, kikipata kovu, unaona dunia kama uko nyuma ya pazia. Kwa hiyo jicho limewawekea askari masharti. Linatoa kemikali za kuwapoza, na baadhi ya chembe zake zinabeba alama inayomwamuru askari aliyekuja kwa fujo ajiue mwenyewe. Naam, ajiue! Ni mpango mzuri, ila una mlango wa nyuma, na Ebola ilipitia humo humo ikajificha.

Nje ya jicho mambo ni tofauti, huko ulinzi uko wazi. Ukipepesa unafagia, machozi yanasuuza, na ndani ya machozi kuna kingamwili zinazovidaka virusi kabla havijagusa kitu. Chembe ikishavamiwa inatoa intaferoni, ambayo ni kama kumpigia jirani kelele, "Funga mlango, mwizi!" (Iligunduliwa London mwaka 1957.) Baadaye ndipo chembe nyeupe zinapomiminika kumalizia kazi, na jicho linakuwa jekundu.

Unakumbuka Januari 2024, Dar nzima ilivyovaa miwani nyeusi kama wacheza sinema? Macho mekundu yale yalikuwa ya virusi, na wengi waliopona waliponywa na kinga yao wenyewe, kwa wiki moja hadi tatu. Antibayotiki hazikusaidia kitu kwa sababu haziui virusi. Kijiweni watu walikuwa wanashauriana kutia chai ya rangi, maziwa ya mama, na vingine gazeti hili haliwezi kuvitaja wakati watu wanakula.

Lakini kinachonikera zaidi ni yale matone yenye steroidi, ambayo mshikaji anakuazima eti "mimi yalinisaidia." Ukitia asubuhi, jioni jicho jeupe pee, unatesa. Hujapona, ndugu yangu! Umewafukuza askari tu. Na kama ulichonacho ni kirusi cha hepesi, ndugu wa vile vipele vya maji vya mdomoni, kinapata uwanja mtupu. Kinachimba vidonda kwenye konea, vimetawanyika kama matawi ya mti, na mwisho wake unaweza kuwa upofu.

Najua mbishi mmoja atasema mbona Crozier naye alipewa steroidi. Alipewa, maana uvimbe nao ulikuwa unamwua jicho, lakini alipewa pamoja na dawa ya majaribio ya kupambana na virusi, mbele ya mabingwa. Uwezo wa kuona ukarudi, na rangi yake ya bluu ikarudi. Wewe unayetia matone ya mshikaji chumbani kwako, bingwa wako ni nani?

Jicho likiwa jekundu na tongotongo za majimaji, osha kwa maji safi, nawa mikono, taulo lako usimpe mtu, hata mchumba. Likiuma sana, likiogopa mwanga au ukianza kuona ukungu, usingoje Jumatatu, nenda kwa daktari wa macho.